Sudoku, mchemraba wa Rubik, mafumbo ya visa, vijiti au namba tupu: uchague kipi?

Anayetaka kuanza kujifurahisha na hesabu huwa na swali moja la woga: je, hesabu ninazozijua zinatosha? Zinatosha. Karibu kila kitu nitakachokitaja hapa hakidai zaidi ya kujumlisha na kutoa, na vingine havidai hata hayo. Martin Gardner, Mmarekani aliyeandika safu ya michezo ya hesabu kwenye jarida la Scientific American kuanzia Januari 1957 kwa takriban robo karne, chuoni alisomea falsafa, si hisabati, na bado wanahisabati wenyewe walikuwa miongoni mwa wasomaji wake.

Swali lenye kazi zaidi ni jingine: ukikwama, unakuwaje? Mpenda mafumbo hutumia muda mwingi zaidi akiwa amekwama kuliko akiwa anajibu, na mafumbo hayakwamishi kwa namna moja. Yapo yanayokushika dakika kumi na penseli mkononi, kisha yanakuachia. Yapo yanayokuganda kichwani wiki nzima, unapopanga foleni, unapooga, unapotaka kulala. Ukichukua aina ambayo kukwama kwake hukuwezi, utaiacha mapema na kujiambia huna kichwa cha hesabu, kumbe ulishika tu kisicho chako.

## Vigezo

Aina tano zitapitia maswali yaleyale. *Kuanza*: unahitaji nini, na itachukua muda gani kabla hujaanza kufurahi? *Kukwama* kwake kukoje? *Raha* yenyewe iko wapi? *Hesabu iliyomo* ni ipi, ukiamua kuchimba? *Kuchuja*: utamu unapungua lini, na unafanyaje ukipungua? Mwisho, *anayefaa*.

Sijaweka kigezo cha kunoa ubongo wala cha kuzuia usahaulifu wa uzeeni, ingawa mafumbo mengi huuzwa kwa maneno hayo. Kinacholinganishwa hapa ni raha.

## Sudoku na ndugu zake

Kuanza. Penseli, kifutio na gridi. Kanuni inaingia kwenye sentensi moja: kila mstari wa kulala, kila mstari wa kusimama na kila mraba wa 3 kwa 3 uwe na namba 1 hadi 9 bila kurudia. Unaweza kuanza kufurahi siku hiyohiyo. Mchezo huu ulichapishwa kwanza Marekani mwaka 1979 ukiwa kazi ya Howard Garns, msanifu majengo mstaafu; kampuni ya Nikoli ikauchukua Japani mwaka 1984, na ulipoingia kwenye gazeti la The Times la London mwezi Novemba 2004 ukaenea dunia nzima.

Kukwama. Ni kukwama kwa upole. Unajua jibu lipo, ni moja tu, na kila unachohitaji kiko mbele ya macho yako. Tuseme kwenye mstari mmoja vimebaki visanduku vitano vitupu, na viwili kati yake vinaweza kupokea 4 au 7 pekee. Hujui 4 inakaa kipi na 7 inakaa kipi. Hata hivyo unajua kwamba namba hizo mbili zimeshapata makao, kwa hiyo unazifuta kwenye vile vitatu vingine, na ghafla kimoja kinabaki na namba moja tu. Umesonga mbele bila kujua ulichodhani lazima ukijue kwanza. Ukishaonja hilo mara moja, unaelewa kwa nini watu hawauachi mchezo huu.

Raha. Iko kwenye utaratibu na kwenye ule mwisho ambapo visanduku vilivyobaki vinajaa vyenyewe kwa mfululizo.

Hesabu iliyomo. Mantiki tupu. Namba hizo ni alama tu; weka herufi tisa au rangi tisa, mchezo haubadiliki hata kidogo. Anayesema "sijui hesabu, Sudoku siiwezi" anajinyima bure. Ukichimba zaidi, kuna maswali mazito chini yake. Mwaka 2005 ilihesabiwa kwamba gridi kamili zinazowezekana ni 6,670,903,752,021,072,936,960. Mwaka 2012 timu ya Gary McGuire kule University College Dublin ilitumia kompyuta kuthibitisha kwamba huwezi kutunga Sudoku yenye jibu moja ukitoa namba za kuanzia chini ya 17.

Kuchuja. Ukishazijua mbinu zote za kiwango chako, mkono unafanya kazi na kichwa kinalala. Kwa wengine hiyo ndiyo raha, kama ilivyo kusuka au kufuma. Kwa wengine ni ishara ya kuhama: Kakuro na KenKen (hii ilibuniwa na mwalimu wa Kijapani, Tetsuya Miyamoto, mwaka 2004) zinarudisha kujumlisha na kuzidisha ndani ya gridi, na Slitherlink inakuchoresha kitanzi badala ya kuandika namba.

Anayefaa. Mwenye vipande vya muda, anayetaka kumaliza alichoanza, na anayependa kufanya jambo peke yake kimya kimya.

## Mchemraba wa Rubik

Kuanza. Mchemraba wenyewe, na uamuzi mmoja mgumu: utautatua kwa akili yako au utafuata mwongozo? Mhungaria Ernő Rubik aliubuni mwaka 1974, na inasimuliwa kwamba yeye mwenyewe ilimchukua karibu mwezi kuurudisha. Kwa mwongozo, mtu wa kawaida anaweza kuumaliza ndani ya siku chache. Hizi ni raha mbili tofauti kabisa, na wengi hununua ya pili huku wakidhani wamenunua ya kwanza.

Kukwama. Huku ndiko kunakokatisha tamaa kuliko kote. Unakamilisha upande mmoja, unafurahi, halafu unagundua kwamba ili usonge mbele ni lazima uubomoe. Kila hatua inatishia kuharibu iliyotangulia. Asiyeweza kuvumilia kuvuruga alichokipanga atateseka. Kinachofungua njia kwa wengi ni kuacha kuona vibandiko 54 na kuanza kuona vipande: vya katikati, ambavyo ni 6, havihami mahali pake na ndivyo vinavyoamua rangi ya kila uso, vinavyohama ni 20 tu, 8 vya pembe na 12 vya ukingoni. Kazi ilikuwa kubwa kwa sababu ilihesabiwa vibaya.

Raha. Iko mkononi. Hakuna fumbo jingine katika orodha hii linalokupa sauti, uzito na mwendo. Kisha kuna saa. Kwenye mashindano ya kwanza ya dunia, Budapest mwaka 1982, mshindi Minh Thai alitumia sekunde 22.95. Siku hizi rekodi ya dunia iko chini ya sekunde 4.

Hesabu iliyomo. Nyingi, na unaweza kuigusa. Chukua mchemraba uliokwisha kupangwa. Zungusha upande wa kulia kwenda juu, tabaka la juu kwenda kushoto, upande wa kulia urudi chini, tabaka la juu lirudi kulia. Mizunguko minne. Rudia hiyohiyo. Ukifika mara ya tatu unaona vurugu tupu na unaanza kujuta; endelea hadi mara ya sita na mchemraba umerudi ulivyokuwa. Kwa nini sita, na si tano au kumi? Jibu limo kwenye namna vipande vinavyopokezana zamu, na ukilifuata utakuwa umeingia kwenye tawi la hisabati linaloshughulikia makundi na ulinganifu bila mtu kukupa kitabu.

Mpangilio unaowezekana una namna 43,252,003,274,489,856,000, na bado mwaka 2010 ilithibitishwa kwamba kila mmoja wao unaweza kutatuliwa kwa mizunguko isiyozidi 20. Jambo jingine la kumtania rafiki: ukiufumua mchemraba na kuurudishia vipande ovyo ovyo, uwezekano wa kuwa unatatulika ni mmoja tu kati ya 12. Aliyekuletea mchemraba "usiowezekana" pengine aliwahi kuufungua.

Kuchuja. Ukishakariri kanuni, kuna milango miwili: kuongeza kasi au kuuliza kwa nini kanuni zinafanya kazi. Asiyeingia wowote huishia na pambo la kabatini.

Anayefaa. Mwenye mikono isiyotulia, anayependa kujipima dhidi ya saa, na kijana anayechoka haraka na karatasi.

## Mafumbo ya visa

Haya ndiyo ninayoyapenda mimi, kwa hiyo nisome kwa tahadhari.

Kuanza. Huhitaji kitu. Fumbo linasimuliwa, unaondoka nalo. Lile la mtu anayevusha mbwa mwitu, mbuzi na kabichi kwa mashua inayobeba kimoja tu kwa safari limo kwenye mkusanyiko wa Kilatini unaohusishwa na Alcuin wa York, mwanazuoni wa karne ya 8. Wengi wetu tulilisikia likiwa na chui, mbuzi na majani, na halikupoteza chochote njiani.

Kukwama. Ni kwa ghafla na ni kamili. Kwenye Sudoku unaweza kupiga hatua ndogo. Hapa unakuwa umesimama, umesimama, halafu umefika. Fumbo la mashua linakwamisha kwa sababu moja: kila mtu anachukulia kwamba aliyevushwa amevushwa. Jibu linataka umrudishe mbuzi ng'ambo ulikomtoa, na mtu hulikataa wazo hilo kabla hajalipima kwa kuwa linaonekana kama hasara. Ukilikubali, safari saba zinatosha. Mafumbo mazuri ya aina hii hukamata dhana uliyojiwekea mwenyewe bila kuambiwa.

Raha. Ni ule mshtuko wa kuona. Mfano ninaopenda kumpa mtu asiyeamini kwamba hesabu inaweza kufurahisha ni huu. Ubao wa sataranji una miraba 64. Kata miraba miwili ya pembeni inayokabiliana kwa mshazari, inabaki 62. Una vipande 31 vya dhumna, kila kimoja kinafunika miraba miwili iliyopakana. Je, unaweza kuufunika ubao wote? Hesabu inakubali, maana 31 mara mbili ni 62. Mtu ataanza kupanga. Atapanga sana. Mara zote inabaki miraba miwili isiyopakana.

Sasa tazama rangi. Kila kipande cha dhumna, ukilaze vyovyote, kinafunika mraba mmoja mweusi na mmoja mweupe. Pembe mbili zilizokatwa zilikuwa za rangi moja. Kwa hiyo zimebaki 32 za rangi moja na 30 za nyingine, na hakuna ustadi wa kupanga utakaosawazisha hilo. Kazi ambayo ingemaliza jioni nzima imekwisha kwa kuangalia kitu kilichokuwa mbele ya macho muda wote. Na angalia ulichopata: umethibitisha kwamba jambo *haliwezekani*, milele, kwa yeyote, bila kujaribu njia zote.

Hesabu iliyomo. Inatofautiana, na baadhi ya visa vimezaa matawi mazima. Wakazi wa Königsberg walikuwa wakijiuliza kama mtu anaweza kutembea na kuvuka kila daraja kati ya madaraja 7 ya mji mara moja tu. Miaka ya 1730 Leonhard Euler alionyesha kwamba haiwezekani, kwa hoja nyepesi: ukiingia sehemu ya nchi kavu kwa daraja moja ni lazima utoke kwa jingine, kwa hiyo sehemu ambazo hukuanzia wala hukuishia zinahitaji madaraja yanayogawanyika kwa mbili, na pale sehemu zote nne zilikuwa na idadi ya witiri. Hapo ndipo ulipoanza uchambuzi wa mitandao ya njia.

Kuchuja. Hapa pana kasoro kubwa: fumbo la kisa linaliwa mara moja. Ukiambiwa jibu limekufa, na majibu yako kila mahali. Kasoro ya pili ni kwamba kuna mengi mabovu, yale ambayo jibu lake ni mchezo wa maneno ("hukusema kama taa ilikuwa inawaka"). Fumbo bora hukuacha ukiwa na hasira na nafsi yako, si na mtunzi. Dawa ya kuliwa mara moja ni kupanda ngazi. Una sarafu 9, moja ni nyepesi. Iitambue kwa mizani ya sahani mbili ukipima mara 2 tu. Ukishaiweza, jaribu sarafu 12, moja ina kasoro lakini hujui kama ni nyepesi au nzito, na unapima mara 3. Ya kwanza ni ya dakika chache. Ya pili inaweza kukaa nawe siku kadhaa.

Anayefaa. Mwenye safari ndefu, anayependa kubishana na wenzake, na anayeweza kulala na swali lisilo na jibu.

## Michezo ya vijiti

Kuanza. Vijiti, mawe au maharage 21 na mtu wa pili. Kila mmoja kwa zamu anaokota 1, 2 au 3. Anayeokota cha mwisho ameshinda.

Kukwama. Hukwami, unashindwa, na unashindwa na mtu anayetabasamu. Kuna wanaosukumwa na hilo na kuna wanaonuna.

Raha na hesabu hapa haziachani. Siri ni kumwachia mwenzako idadi inayogawanyika kwa 4. Anayeanza anaokota 1, zinabaki 20. Kuanzia hapo, mwenzake akichukua 1 yeye anachukua 3, akichukua 2 anachukua 2. Nim, mchezo ndugu wa huu wenye mafungu kadhaa, una siri ngumu zaidi, iliyochapishwa kikamilifu na Charles Bouton wa Harvard mwaka 1901.

Kuchuja. Siri ikijulikana mchezo umekufa, hadi ubadilishe kanuni. Sema anayeokota cha mwisho ndiye ameshindwa: sasa 21 ni mkosi kwa anayeanza. Au cha mwisho kibaki cha ushindi, ila mnaruhusiwa kuokota 1, 3 au 4 pekee: idadi mbaya za kuachiwa zinakuwa 2, 7, 9, 14, 16, na kuendelea. Kuutafuta mpangilio huo kuanzia chini, kijiti kwa kijiti, kunafurahisha kuliko kucheza wenyewe.

Anayefaa. Wawili. Mzazi na mtoto, hasa: mtoto atakapoigundua siri ya kumshinda mkubwa, hutahitaji kumbembeleza aendelee.

## Kuchezea namba na maumbo bila swali la mtu

Kuanza. Karatasi na udadisi. Chukua namba ya tarakimu nne, mradi zisiwe zote sawa. Zipange kutoka kubwa hadi ndogo, kisha kutoka ndogo hadi kubwa, utoe. Rudia kwa jibu. Kwa 3524: 5432 toa 2345 ni 3087. Kisha 8730 toa 0378 ni 8352. Kisha 8532 toa 2358 ni 6174. Endelea: 7641 toa 1467 ni 6174 tena. Umenaswa. Namba yoyote ya tarakimu nne utakayoanza nayo itaishia hapo ndani ya hatua zisizozidi 7. Aliyeliona hilo, mwaka 1949, ni D. R. Kaprekar, mwalimu wa shule nchini India.

Kukwama. Hakuna mtu aliyekuahidi jibu, na hilo ndilo gumu. Baada ya 6174 unajiuliza: na tarakimu tatu? Zinaishia 495. Na mbili? Jaribu, na utaona hazitulii. Zinazunguka 9, 81, 63, 27, 45, kisha 9 tena. Kwa nini mbili zinazunguka wakati tatu na nne zinatulia? Sasa una swali lako mwenyewe, na hakuna ukurasa wa majibu nyuma ya kitabu.

Kuna shimo refu zaidi. Chukua namba yoyote nzima chanya. Ikiwa ni shufwa igawe kwa 2; ikiwa ni witiri izidishe kwa 3 na kuongeza 1. Rudia. Ukianza na 7 unapita 22, 11, 34, 17, 52, 26, 13, 40, 20, 10, 5, 16, 8, 4, 2, hadi 1. Ukianza na 27 utapanda hadi 9232 na kuhitaji hatua 111 kabla ya kufika 1. Je, kila namba hufika 1? Swali hili linahusishwa na Mjerumani Lothar Collatz, mwaka 1937. Kompyuta zimepima hadi kwenye namba zenye tarakimu 21 bila kupata iliyokaidi, na bado hakuna aliyethibitisha kwamba ndivyo ilivyo kwa zote. Mtoto anaweza kulielewa swali. Dunia nzima haina jibu.

Raha. Ni ya mvumbuzi, na haiji kwa ratiba. Baadhi ya watu imewafikisha mbali. Marjorie Rice, mama wa nyumbani wa California ambaye hisabati aliisoma hadi sekondari tu, alisoma safu ya Gardner ya mwaka 1975 kuhusu vigae vya pembe tano vinavyoweza kutandaza sakafu isiyo na mwisho bila mwanya. Akabuni alama zake mwenyewe za kufuatilia pembe na pande, na kufikia mwisho wa 1977 alikuwa amepata aina nne ambazo wataalamu hawakuwa nazo. Mwaka 2022 David Smith, fundi wa uchapishaji mstaafu nchini Uingereza, alipata umbo la pande 13 linalotandaza sakafu yote bila mpangilio wake kujirudia kamwe, jambo lililotafutwa kwa miongo kadhaa. Alikata vipande vya kadibodi, akavipanga, akaona kuna kitu. Wataalamu watatu wakashirikiana naye kuandika uthibitisho uliotangazwa Machi 2023.

Hesabu iliyomo. Yote. Hii ndiyo hesabu yenyewe, bila koti la mchezo.

Kuchuja. Haichuji, ila inaweza kukauka kwa miezi. Daftari husaidia, kwa sababu mpangilio usiouona leo mara nyingi unaonekana ukiwa na kurasa tatu za mifano mbele yako.

Anayefaa. Mwenye subira na asiyehitaji kupigiwa makofi.

## Ukibaki kati ya mbili

Kati ya Sudoku na mchemraba, jiulize kama unastahimili kubomoa. Penseli inakuruhusu kutosogea hadi uwe na uhakika; mchemraba haukuruhusu.

Kati ya Sudoku na mafumbo ya visa, angalia muda wako. Gridi inakubali kuachwa katikati na kurudiwa baada ya saa tatu, kwa kuwa uliyokwisha kuyapata yameandikwa. Kisa hakiandikiki, kinaishi kichwani, na ukikatizwa unaanza upya. Lakini kisa hakihitaji mwanga wala kiti.

Kati ya visa na kuchezea namba, tofauti ni uaminifu. Kwenye kisa unamwamini mtunzi kwamba njia ipo. Kwenye namba humwamini yeyote. Wanaopenda visa mara nyingi huudhika wakihamia huko mapema mno, wakidhani wamekosea kumbe hakuna aliyepatia. Pitia michezo ya vijiti kwanza: kubadilisha kanuni za vijiti ni namna nyepesi ya kujifunza kujiulizia maswali.

## Kwa hali yako

Kama una dakika kumi hadi ishirini kwa siku na unataka kuzimaliza ukiwa umetulia, chukua Sudoku, na uanze kiwango kimoja chini ya kile unachodhani ni chako.

Kama kazi yako ni ya kukaa na kutazama skrini kutwa, achana na gridi. Chukua mchemraba, na uamue leo kama unatumia mwongozo, ili usije ukajilaumu baadaye kwa kuutumia.

Kama uliiogopa hesabu shuleni, anza na ubao wa sataranji na dhumna, umsimulie mtu mwingine bila kumpa jibu. Kuishikilia siri hiyo kwa siku moja kutakueleza kama visa ni vyako.

Kama unamtafutia mtoto, mpe vijiti. Cheza naye, mshinde kwa haki, na usimfundishe siri. Akishaigundua, ongeza kanuni ya 1, 3 na 4.

Kama mko kundi, chukueni fumbo la sarafu 12 na kipande cha karatasi kwa kila mtu. Aliyewahi kulisikia awe mwamuzi na anyamaze.

Na kama umeshapita kwenye zote hizi na unahisi kuna kitu bado, chukua daftari, uandike namba za kuanzia 1 hadi 30, na kando ya kila moja idadi ya hatua za Collatz inazohitaji kufika 1. Tafuta zile zinazofuatana na zenye hatua sawa. 12 na 13 ni za kuanzia.